Msamaha Ambao Sikuutoa

3 Februari

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba mgongo uliokuwa ukikusumbua kwa kuinamia cherehani umepata nafuu. Mimi sijambo. Kikohozi nilichotoka nacho gerezani kimekwisha kabisa, namshukuru Mungu.

Hii ni barua ya tano na hujajibu hata moja. Sikulaumu. Nakuandikia kwa sababu furaha imenijaa kifuani na sina mwingine wa kumwambia tangu mama atutoke.

Mchungaji ananizungusha kwenye makanisa ya huku nitoe ushuhuda. Jumapili watu walijaa mpaka madirishani. Niliwaeleza yote: nilivyokuwa dereva wa lori la mchanga, nilivyokunywa tangu asubuhi siku ile, nilivyorudisha lori nyuma uani kwako bila kutazama kioo, na mwanao akawa nyuma. Nikawaeleza kifungo cha miaka minne, na jinsi Yesu alivyonikuta mle ndani nikiwa nimeshajikatia tamaa. Nilipomaliza, watu ishirini na wawili walitoka mbele.

Yupo mpaka rangi mmoja, jitu la miraba minne, aliyeokoka siku ya ushuhuda wangu wa kwanza. Zamani alikuwa akilewa mpaka anapaka nyumba ya jirani badala ya ile aliyoitiwa. Sasa ana miezi minane hajagusa hata tone. Mkewe akiniona njiani hunishika mikono yote miwili.

Wewe ndiye uliyeniombea miaka yote ile, dada. Maombi yako yamejibiwa. Naomba ruhusa nije nikuone.

Mdogo wako


20 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Mimi mzima. Mgongo uko vilevile. Nimekusalimia kwa kuwa mama alitulea hivyo, usidhani ni kwa jingine.

Wiki mbili zilizopita alikuja mteja mgeni, mama wa makamo, nimshonee sare ya kwaya. Nilikuwa nimepiga magoti nampima urefu wa sketi, pini nimezibana midomoni, yeye akaanza kunisimulia. Alikuwa amekwenda kumtembelea mwanawe huko kwenu, akamsikia kijana mmoja kanisani. Kijana alimgonga mpwa wake kwa lori. Akafungwa. "Na siku anatoka," akaniambia, "nani alikuwa anamsubiri getini? Mama wa mtoto mwenyewe! Akamkumbatia, akamwambia, ndugu yangu, nimekusamehe. Kanisa zima tulilia."

Kisha akanitazama akasema, "Fundi, mbona unatoka damu?" Pini ilikuwa imenichoma mdomo.

Niliifuta damu. Nilimaliza kumpima. Alipoondoka nilifunga mlango, nikakaa chini sakafuni katikati ya vitambaa.

Mimi sikuja getini. Siku uliyotoka nilikuwa nyumbani nimejilaza, nimegeukia ukuta. Sijakukumbatia. Sijakusamehe, wala neno hilo sijawahi kulitamka mbele ya mtu yeyote. Uliniulia mwanangu, kisha ukaingia mdomoni mwangu ukasema unachotaka.

Na hayo maombi unayonishukuru, acha nikwambie. Ni kweli, miaka kumi na miwili nilimwomba Mungu akuokoe na pombe. Nilifunga. Nililia. Akanijibu, na njia aliyopitia ni kifo cha mwanangu. Tangu hapo kila nikifumba macho nashindwa kusema "Baba," naogopa nitakachojibiwa. Kanisani huenda, nakaa nyuma, nawatazama wenzangu wakiimba.

Rudi kote ulikosema, ukawaambie ulidanganya.

Dada yako


2 Aprili

Dada yangu,

Shikamoo. Sina haki ya kukuuliza habari ya afya, lakini nauliza.

Ni kweli. Nilidanganya. Nitakueleza ilivyokuwa, si kwa kujitetea.

Mara ya kwanza niliposimama, niliwaambia mwishoni kwamba sijui kama dada yangu atanisamehe. Hakuna aliyesogea. Mchungaji akaniuliza mbele ya watu wote, kwa upole kabisa, "Na mama wa mtoto je, ndugu?" Wakanitazama wote, dada. Nikaona wanangoja, nikasema, "Amenisamehe." Basi wakalipuka. Watu walipiga makofi, wengine walianguka magotini, na mpaka rangi ndipo alipotoka mbele akilia kama mtoto. Mara ya pili nikaongeza kwamba ulinikumbatia. Geti lilikuja baadaye. Mwishowe nilikuwa nakuona kabisa umesimama pale na kitambaa chako kichwani, mpaka nikaanza kusahau kwamba hukuja.

Nilimpa mchungaji barua yako asome. Alipomaliza akasema, "Watu wameokoka kweli. Ukibomoa hapo, wataanguka na wewe. Acha, usilirudie tu." Mimi ninaogopa, hasa kwa ajili ya mpaka rangi. Aliniambia siku moja, "Kama mama yule aliweza, basi na mke wangu ataweza, na Mungu pia."

Nimefikiri jambo moja. Je, kama ungenisamehe sasa? Hata kwa maneno machache tu. Hapo lisingekuwa uongo tena.

Mdogo wako


11 Aprili

Unataka nikusamehe ili usiaibike.

Nimeisoma barua yako mara tatu nikitafuta mahali ulipomtaja mwanangu. Hayumo. Mchungaji yumo, mpaka rangi yumo, waliopiga makofi wamo, na mimi nimo na kitambaa changu kichwani.

Usiniandikie mpaka uwe umesema.

Dada yako


30 Juni

Dada,

Shikamoo. Nimesema.

Ilikuwa Jumapili ya kwanza ya Juni, kanisa lilelile nilikoanzia. Mchungaji alijua ninachotaka kufanya, akanisihi nisifanye, lakini hakunizuia kusimama. Nikawaambia: "Mama wa mtoto hakuja getini. Hajanisamehe. Niliwadanganya kwa sababu mlikuwa mnaningoja niseme hivyo, na mimi nilipenda mlivyonitazama." Mama mmoja aliyekaa mbele akapiga kelele, "Kwa hiyo hata kuokoka ulidanganya?" Nikasema hapana, hilo ni kweli. Akaniuliza, "Sisi tutajuaje?"

Swali hilo nalala nalo mpaka sasa.

Mpaka rangi aliinuka pole pole, akapita katikati ya viti bila kunitazama, akatoka. Mkewe akamfuata. Mchungaji alinipokonya kipaza sauti akaanzisha wimbo, na walioimba walikuwa wachache.

Nimehama chumba nilichokuwa nimepewa nyuma ya kanisa. Hawakunifukuza, ila asubuhi waliacha kuniamkia. Sasa nalala kwenye banda la kiwanda cha matofali ninakofanya kazi. Mpaka rangi alianza kunywa wiki hiyohiyo. Nilikwenda kwake, akanirushia kopo la rangi. Mkewe alinifuata mpaka njiani, akaniambia, "Tulikuwa na miezi kumi na miwili ya amani ndani ya nyumba. Ungenyamaza tu ungepungukiwa nini?"

Kila siku kabla ya kazi hupita kwake. Akiwa amelala nje namwinua namwingiza ndani. Akiwa macho ananitukana na mimi namchotea maji. Habari za Mungu simwambii hata neno moja. Nikifungua mdomo naisikia ile sauti yangu ya ukumbini.

Nikiomba, siku nyingine najiuliza kama niliokoka, au nilipenda tu kusikilizwa. Wewe ulinitaka niseme ukweli nami nimeusema, dada, lakini haukuniweka huru. Umeniacha peke yangu tu.

Mdogo wako


17 Agosti

Mdogo wangu,

Marahaba. Habari ya banda? Mvua haiingii?

Nilidhani nikiisoma barua ya namna hiyo nitapumua. Sikupumua. Nilikaa nayo mapajani mpaka pasi ikaunguza kola ya mteja.

Sina raha kwamba umeaibika. Nilidhani ningekuwa nayo.

Nitakwambia kitu ambacho sijamwambia mtu. Katika ushuhuda wako wote, yule mteja hakujua hata kama mtoto alikuwa wa kike. "Mtoto mmoja," ndivyo alivyosema. Sasa nisikilize. Alikuwa na miaka saba. Tulimwita Kidoti kwa ile alama yake shavuni, na mwenyewe alidai ni punje ya pilipili manga iliyomrukia jikoni. Alikuwa ameng'oka meno mawili ya mbele, anapiga mluzi kupitia pengo tukiwa tunakula mpaka nikamfinya. Unajua kwa nini alikuwa nyuma ya lori? Alisikia muungurumo akakimbia akisema, "Mjomba ananiacha, sijapiga honi!" Wewe ndiye uliyemzoesha kupandishwa akapiga honi kabla hujaondoka. Siku ile ulisahau. Alikuja kukukumbusha.

Sikukuambia mahakamani kwa sababu nilitaka nikutunzie. Nilijiambia ipo siku nitakuchoma nalo. Sasa nimekuchoma, na sioni kilichopungua.

Kuhusu mpaka rangi, usiache kwenda.

Dada yako


9 Oktoba

Dada yangu,

Shikamoo. Pole na kazi.

Barua yako niliisoma kiwandani, nikashindwa kusimama. Wenzangu walidhani ni malaria wakanilaza chini ya turubai. Sikulijua hilo la honi. Siku ile nilikuwa nimelewa mno kukumbuka kwamba kuna mtu ananingoja. Sina la kusema juu yake, na nikilitafuta nitaanza tena kutengeneza maneno.

Nakuandikia kukuarifu kwamba mpaka rangi amefariki. Ini lilikuwa limekwisha. Mwezi mzima alikuwa hospitali, wodi ya wanaume, kitanda cha karibu na bomba. Ndugu zake walimchoka kwa ulevi, na mkewe alikuwa na watoto wa kuwaangalia, hivyo mimi ndiye niliyekuwa nikimwogesha. Wiki ya kwanza aligeuza uso. Ya pili aliacha kunitukana, nadhani nguvu zilimwishia. Yule mwanamume mkubwa nilikuwa namgeuza kwa mkono mmoja.

Asubuhi moja namnyoa, akaniuliza, "Yule mama, kweli hajakusamehe?"

Nikasema, "Hajanisamehe."

"Na bado unaomba?"

"Naomba."

"Unapata nini?"

"Siku nyingi sipati kitu."

Nikamaliza shavu moja. Kisha akasema, "Hilo ninaliamini. Niombee na mimi, lakini polepole, wasisikie." Nikainama nikamwombea sikioni, sentensi mbili tatu, mbaya mbaya, hazikupangika. Alifariki siku ya pili yake kabla sijafika. Kitanda kilikuwa kimeshatandikwa.

Mjane aliniomba nisije mazishini. Alisema watu wataongea. Nilisimama barabarani mpaka gari likapita, nikarudi kwenye matofali.

Mchungaji alinitumia ujumbe kwamba habari ya mpaka rangi pale kitandani ni ushuhuda mkubwa, nirudi niwaambie watu. Nilikataa. Nimekwambia wewe peke yako, na hata wewe naogopa nimekwambia vizuri kupita kiasi.

Dada, nimechoka. Nilimtoa mtu mmoja kwenye pombe kwa uongo, nikamrudisha kwa ukweli. Hesabu hiyo siwezi kuisimamia mbele ya mtu yeyote, sembuse mbele za Mungu. Sitakusumbua tena kwa barua.

Mdogo wako


14 Desemba

Mdogo wangu,

Hujambo huko uliko? Mimi sijambo, ila mgongo sasa unanilazimu kushona nimesimama.

Barua niliyokutumia Novemba kiwandani imerudi. Wameandika juu ya bahasha kwamba uliacha kazi na hawajui ulikokwenda. Hii naituma kwa mjane wa mpaka rangi, kwa kupitia yule mama wa sare ya kwaya, ambaye mwanawe anamfahamu. Mjane amesema ulimpelekea nguo za marehemu zilizobaki hospitali, umezifua na kuzikunja, ukaziacha mlangoni bila kubisha. Tangu siku hiyo hajakuona. Ameahidi kukutunzia barua hii.

Jumapili iliyopita kanisani walitoa nafasi ya ushuhuda, kama kawaida. Mmoja alishukuru kwa kupata kazi, mwingine mguu wake umepona. Sijui nilisimamaje. Nilisikia tu kiti kimegonga kilicho nyuma yangu. Nikasema: "Mimi ndiye mama wa yule mtoto aliyegongwa na lori. Huenda mmesikia kwamba nimemsamehe ndugu yangu. Sijamsamehe. Nimejaribu kulisema neno hilo peke yangu chumbani, halitoki. Nina miaka sita siwezi kuomba. Naombeni mniombee."

Hakuna aliyepiga makofi. Mwongozaji alikohoa, akatazama karatasi yake. Kisha bibi mmoja asiyeona vizuri alikuja akipapasa viti, akakaa kando yangu, akanishika mkono mpaka ibada ikaisha. Mlangoni akaniambia, "Kwangu ni mume wangu. Miaka thelathini, neno halitoki."

Nimerudi nyumbani hakuna kilichobadilika. Neno bado halitoki. Ukisimama mlangoni leo sijui kama nitakufungulia au nitakufukuza. Lakini nisingesimama pale kama wewe usingesimama kwanza. Hilo nilitaka ulijue, kwa kuwa ni kweli, na sikulipamba.

Usije bado. Andika tu, hata mstari mmoja, nijue kama uko hai.

Dada yako