Kwa Mama Mkwe Aliyesema Uji Ni Wake

Mpendwa mama mkwe, mayu wangu,

Mwangaluka. Nakuamkia kama nilivyokuamkia kila asubuhi kule nyumbani, nje kidogo ya Kagongwa, nimepiga goti kwenye mlango wa jiko lako, ingawa najua leo hakuna wa kuniitikia.

Unakumbuka siku nilipomrudisha Masanja? Lori la pamba lilitushusha njia panda, vijana wakambeba kwa kitanda cha kamba mpaka uani kwako. Mwanao alikuwa ameondoka kwenda kwenye machimbo ya dhahabu Geita akiwa na nguvu za kubeba gunia begani huku anapiga mluzi. Alirudi mifupa mitupu, mkono umeshikilia tumbo kana kwamba litamwagika. Utumbo ulijisokota akiwa kazini. Wenzake walimkimbiza hospitali ya misheni, akapasuliwa, na kipande kilichooza kikakatwa. Ulifunua shuka, ukautazama mshono ulioanzia juu ya kitovu, ukafunika tena. Hukulia. Uliniuliza tu, "Anakula nini?"

Nikakueleza vile sista wa wodini alivyonieleza. Kidogo kidogo, mara nyingi. Kwanza uji mwepesi uliochujwa na supu ya samaki isiyo na minofu. Choo kikitulia, wali uliopondwa, yai lililochemshwa, ndizi mbivu, viazi vitamu vilivyosongwa laini. Maji anywe bila kungoja kiu. Lakini asiguse karanga, kunde, mahindi ya kuchoma, nyama ngumu, pombe, wala michembe yetu ya viazi vikavu, wala nsansa, kwa kuwa majani yale makavu ya kunde yana nyuzi, na nyuzi zinaweza kuziba pale waliposhona.

Ukasema, "Mwanangu, hayo aliyokatazwa ndiyo yaliyojaa kwenye vihenge vyetu."

Hapo ndipo balaa lilipoanzia, mayu. Watu walikuja kumjulia hali, wakakuta mwanamume mzima ananyweshwa uji unaopita kwenye kitambaa. Masanja mwenyewe alikuwa analia njaa. Wakija majirani, alikuwa anawaambia, "Mwambieni mke wangu, mama Limi, anipe ugali." Alikuwa mgonjwa, simlaumu. Lakini maneno yale yalitoka uani, yakaenda.

Yalimfika baba mdogo Luhende, mdogo wake marehemu baba mkwe. Alikwenda kwa mfumu, mganga wa kupiga ramli, kuku akapasuliwa, na jibu likarudi kabla yeye mwenyewe hajarudi: ugonjwa wa Masanja haukutoka machimboni, umo humo humo nyumbani, katika mkono unaopika.

Siku iliyofuata niliwaamkia wanawake kisimani. Hakuna aliyeitika. Mmoja alivuta mtungi wake, nisije nikaugusa. Wewe ulijua maana yake kuliko mimi. Kijiji cha jirani walikuwa wamemkuta bibi mmoja, aliyeitwa mchawi, amelala njiani amekufa na jembe lake, na hakuna aliyeuliza nani kafanya. Kuanzia hapo hukuniacha niende kisimani bila wewe kusimama kwenye kichuguu, ukinitazama mpaka nirudi.

Na ile siku ya mbuzi, unaikumbuka? Nilifika uani nina maji kichwani nikawakuta wamekaa, baba mdogo na wanaume wawili. Kwenye mkeka palikuwa na ugali wa mtama unaofuka moshi, nyama ya mbuzi ya kuchoma na bakuli la karanga. Masanja alishakata tonge.

"Kula, mwanangu," baba mdogo alimwambia. "Mke gani humnyima mumewe chakula kama hana lake moyoni?"

Nikapiga goti. "Shikamoo, baba."

Hakuitika. Yule aliyekaa karibu naye, aliyekuwa na panga mapajani, akasema bila kunitazama, "Mfumu alishasema. Ni mkono unaopika."

Ukatoka jikoni. Ulikuwa umefunga kanga yako ile nyeusi kiunoni, na mwiko mkononi. Ulipita katikati yao, ukalichukua tonge kwenye vidole vya Masanja, ukamtupia mbwa.

"Mkono unaopika ni huu," ukasema, ukaunyoosha. "Uji wa mwanangu naupika mimi tangu siku aliyoletwa. Huyu mtoto wa watu ananichotea maji tu."

Haikuwa kweli. Nilijua, na Masanja alijua. Nikafungua mdomo, ukanitazama, nikaufunga.

Baba mdogo aliinuka taratibu, akajikung'uta vumbi. "Umesema mwenyewe, shemeji," alikwambia. "Tumesikia."

Mwanao alipona, mayu. Ulimwona mwenyewe akianza kutembea mpaka zizini, akila wali laini, kisha ugali mwepesi kwa mlenda, akitafuna kila tonge mpaka liishe mdomoni kama sista alivyoagiza. Mimi nilidhani kupona kwake kungewafunga watu midomo. Wewe hukudhani hivyo. Ulianza kunionyesha mambo: mbegu ziko wapi, ng'ombe yupi ni wa mjukuu wako Limi, wadeni wa mbuzi ni nani. Nikakuuliza, "Unasafiri, mayu?" Ukacheka tu.

Mvua zilizofuata, mtoto wa baba mdogo alipata homa, akafa. Hukuwahi kuingia nyumba ile. Lakini msibani wote walikuwa na neno moja: yule mama si alijitaja mwenyewe? Masanja alikusihi uende kwa kaka yako, kule magharibi kwa Wasumbwa. Ukamjibu kwamba ukikimbia wewe, watarudi kwangu.

Walikukuta kwenye shamba la mtama mchana, ulikokwenda kufukuza ndege. Sitaandika nilichokiona. Nitaandika tu kwamba nilikuosha mimi, kwa mikono yangu miwili, na baba mdogo alisimama uani muda wote, akinisubiri nitoke, ili aone kama ninalia.

Tuliondoka kabla ya kuvuna. Sasa tuko huku Geita. Masanja amepewa kazi ya juu ya shimo, hashuki tena chini. Meno ya mbele ya Limi yaliyong'oka yameota tena.

Nakuandikia leo kwa sababu jana alikuja mtu kutoka nyumbani. Baba mdogo Luhende amepasuliwa. Ngiri ilimbana, utumbo ukafa kipande, wamemkata kama walivyomkata Masanja. Amerudishwa nyumbani, na anayempikia ni mke wake mdogo, yule binti uliyekuwa unamwita kifaranga. Anampa uji uliochujwa. Mgonjwa anawalilia wageni kwamba ananyimwa chakula. Huyo mtu aliniambia tena jambo moja, akiwa ameinamisha kichwa: kisimani, wanawake wameacha kumwitikia salamu.

Sikulala vizuri. Mimi simpendi baba mdogo, mayu, na sitakuficha hilo hata huko uliko. Akifa sitamlilia. Lakini usiku kucha nilimwona moyoni yule binti amesimama na mtungi wake, na nyuma yake hakuna mtu kwenye kichuguu.

Asubuhi nilianza kufunga mzigo: mchele, kitambaa cha kuchujia, mayai kwenye pumba. Masanja alinikuta.

"Baba mdogo akifia mikononi mwako, watakuua," aliniambia.

"Najua."

"Na akipona, atakayeugua baada yake watasema ni wewe."

"Hilo pia najua."

Alisimama mlangoni, ameshika tumbo lake pale penye kovu, kama anavyofanya akiwa na hofu. Kisha akaingia ndani, akatoka na shati lake la safari na fimbo yake. Limi tumemwacha kwa jirani. Lori linapakia sasa hivi, nasikia dereva anapiga honi.

Lala salama, mayu. Ukituona tunaingia ile njia, tutazame mpaka tufike.

Mimi mkweo,
Mama Limi