Zambi ya Jumapili Ilikuwa ya Nani

Mjukuu wangu Ilunga, huko Kolwezi,

Utacheka kuitwa mjukuu na msichana wa miaka kumi na saba, lakini bibi yako ni dada yangu mkubwa, basi mimi pia ni kambo yako, yaani bibi. Huku Katuba tuko salama. Mama amepona na anauza mihogo tena.

Uliniuliza kama kugoma ni zambi. Mwaka jana baba na wenzake sita walifanya kazi kiwandani hata Jumapili, kwa amri ya patron, mwenye kiwanda. Kila Jumatano, kwenye maombi hapa kwetu, walitubu kwa kukosa ibada. Wakati huo nilikuwa ninasoma juu ya wafumaji wa Amerika wa karne ya kumi na tisa, waliobishana na wahubiri wao kuhusu siku ya kupumzika. Niliona haya, lakini nikauliza, "Baba, ile amri ya kupumzika, Mungu alimupa nani? Mutumishi ao bwana yake?"

Wakafungua Maandiko, wakaona bwana ndiye anayeagizwa kuwapumzisha watumishi wake.

"Kumbe tunaombaka musamaha ya zambi ya patron," baba akasema.

"Na yeye mwenyewe iko analala," mwenzake akacheka.

Jumapili iliyofuata wote saba walikuja kanisani, wakiogopa kufukuzwa kazi. Jumatatu patron akawauliza kiongozi wao ni nani. Baba akamjibu kwa upole, "Tulikuwa tunasali, patron. Weye ulikuwa wapi?"

Patron akawafungulia mlango wa kiwanda, wakaingia kazini. Sijui kama huko ni kugoma. Wewe unaonaje?

Kambo yako anayekupenda,
Kapinga