Rivolva Ndani ya Abaya

Baba,

Amani iwe nawe hapo ulipolala. Mama anakusalimu. Hajambo, goti tu linamsumbua, na bado anamgombeza muuza samaki wa Sidab kana kwamba samaki wamekufa kwa makosa yake.

Nilipita kaburini asubuhi nikakusomea Fatiha, lakini watu walikuwa wengi, na niliyotaka kukwambia hayakuwa ya kusikiwa na watu. Ndiyo maana naandika. Baba, nimebaki kazini. Ulituacha ukiwa na wasiwasi na jambo hilo, kwa hiyo lisikie kwanza.

Unakumbuka mkasa wenyewe. Sisi wanawake wa ulinzi, tunaovaa kiraia na kukaa karibu na wake wa wageni kwenye harusi na karamu, tuliambiwa tubebe bastola kubwa ya magazini kama wenzetu wote, au turudi ofisini. Bastola ni nzuri, sibishi. Ina risasi nyingi, inajazwa haraka. Lakini chini ya abaya ilikuwa kama tumeficha birika la kahawa. Akina mama walikuwa wakitutazama kiunoni kabla ya kututazama usoni. Mlinzi anayejulikana kuwa ni mlinzi hata mlangoni hajafika, mtu mwenye nia mbaya ataanza naye.

Wewe, uliyeifanya kazi hii kabla yangu, ulikuwa na dawa yake tangu zamani: rivolva yako fupi ya risasi tano, isiyo na nyundo ya nje ya kunasa nguo. Uliitia katika mfuko wa ubavuni wa kanzu, ukaenda nayo harusini, na shemeji zako hawakujua kitu. Nilipoingia polisi uliniketisha sebuleni hapa Ghubra, ukaifungua silinda mara mbili nione kwamba ni tupu, kisha ukaweka kokwa ya tende juu ya mtutu.

"Vuta triga taratibu, mwanangu. Nnataka kokwa ibaki palepale. Na kwa mkono wa kushoto."

Nikakuuliza kwa nini wa kushoto. "Wa kulia una wali," ukasema, kama jambo linalojulikana na kila mtu. Kokwa ilianguka, ikaanguka tena, paka akaikimbiza chini ya kabati, nawe ukacheka mpaka ukakohoa.

Basi nilipoitaja rivolva kazini, vijana walinicheka pia. Mmoja wao, mtoto wa kwetu, aliniambia kwa Kiswahili ili wengine, wasemao Kiarabu tu, wasielewe: "Dada Salma, hiyo silaha ya wazee, waachie wazee." Mkuu wetu hakucheka, lakini alisema risasi tano ni chache na triga yake ni nzito. Ni kweli. Nikarudi nyumbani na uso umenishuka.

Ukaniuliza, ukiwa kitandani siku zile za mwisho: "Hilo jaribio lenu la silaha mnalifanya mmesimama? Nani anakula harusini amesimama?" Nilidhani ni homa. Nikakufunika shuka, nikakwambia ulale. Kumbe ulikuwa na akili kuliko sisi sote.

Mama alipotoka eda nilimwendea mkuu, nikamwomba jaribio moja tu la kukaa. Tukatandika jamvi kwenye uwanja wa shabaha, katikati sinia tupu, na kila mtu akaketi kama mgeni, mguu umekunjwa, mkono wa kulia kwenye wali usiokuwepo. Wanaume kwa kanzu zao za dishdasha, wanawake kwa abaya. Silaha zote zilikaguliwa, zote tupu. Filimbi ikilia, toa silaha, mkinge mgeni wako.

Laiti ungeona, Baba! Bastola zao zilikuwa viunoni, na dishdasha haifunguki mbele. Mmoja aliipandisha mpaka magotini, akajikanyaga, akaangukia sinia. Yule mtoto wa kwetu, mtani wangu, alijifunga kabisa, kichwa kimo ndani ya nguo, akiomba msaada kwa Kiarabu na Kiswahili. Mimi mkono wa kushoto ulikuwa umelala mfukoni tangu nilipoketi, juu ya rivolva niliyoazima ghala la silaha, na hakuna aliyeushangaa. Nilikuwa nimeshasimama mbele ya mgeni wangu wakati wao bado wanazitafuta silaha zao.

Mkuu akataka turudie. Tukarudia, ikawa vilevile. Akaamua hapo hapo: bastola kubwa ibaki kwa barabarani na malangoni, na kwa kazi ya kuketi na watu, rivolva ruhusa. Wanawake wote tumebaki. Wapya wakija nitawafundisha mimi, wanaume wakiwemo, na mtani wangu ameshajiandikisha.

Nilipokuwa narudi, nikiwa nyuma ya malori kwenye barabara ya Rusayl, nikachukua simu nikupigie. Jina lako bado lipo. Ikabidi nisimamishe gari pembeni nilie. Nina hamu nawe, Baba, na siku za furaha ndizo zinazoniuma zaidi.

Mfuko wa abaya yangu aliushona Mama. Ndiyo, Mama, aliyekuwa hataki hata kuiona ile silaha yako. Alikata uzi kwa meno, akausomea mfuko Ayatul Kursiy, kisha akaniuliza, "Itakurudisha kwangu hii?" Nikajitia naujaribu mfuko kwa mkono.

Ndipo akanisimulia jambo ambalo wewe hukunieleza. Kwamba siku uliyostaafu ulikabidhi rivolva yako, ukaja nyumbani, ukasali rakaa mbili za shukrani, kwa sababu katika miaka yako yote hukumfyatulia mtu hata mara moja. Kwa nini ulinificha? Uliogopa nitaona hukuwa hodari?

Kwaheri, Baba yangu. Nakuahidi nitawafundisha wasichana wangu kuitoa upesi, na kila nitokapo nitaomba isitoke mfukoni. Siku yangu ikifika nitaikabidhi kama ulivyoikabidhi wewe, niende nyumbani nikasali. Na Mama nimeshamjibu. Nimemwambia nitarudi.

Binti yako,
Salma