Cheti cha Ukurasa Mmoja

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako, kwa wifi na kwa watoto. Natumaini barua hii itawakuta wazima, na kwamba kile kifua cha wifi kimeanza kupoa. Mimi sijambo, ila goti linanung'unika kila nipandapo ofisini, ghorofa ya nne, na lifti imeharibika tangu mwaka jana.

Nisamehe kwa kuchelewa kukujibu. Ulinituma nikuulizie kwa nini benki imekufungia akaunti na wewe hujamwibia mtu. Uliandika kwamba walikubonyezesha kidole kwenye kile kimashine mara nane, kikakataa, na karani akakushauri ukanawe mikono vizuri. Hapo nilicheka, nikaona haya. Miaka thelathini ya kujenga kwa saruji na matofali imekula alama zote za vidole vyako, utanawa nini? Na mshahara wako wote unaingia humo humo, na dawa za wifi hazingoji.

Najua mtaani unajitapa kwamba dada yako anatunga sheria. Situngi, kaka. Kila muswada wa fedha, kabla haujaenda bungeni, unapita mezani kwetu tuupime kama unamnyima mtu haki yake. Tukiridhika tunaandika cheti cha ukurasa mmoja kwamba haupingani na haki za binadamu. Bila cheti hicho, Spika haupokei.

Mwezi huu umeletwa muswada mpya. Kifungu cha arobaini na moja kinataka wajane, wastaafu na wagonjwa wote wanaolipwa na serikali wathibitishwe kwa kidole kila miezi mitatu. Ambaye kidole chake hakisomeki anafungiwa siku hiyo hiyo, bila barua, bila pa kulalamika. Nilipokisoma nikakuona wewe na mikono yako. Nikaenda kwa mkuu wetu, ambaye tunamwita Mzee wa Muhuri akiwa hayupo, nikamwambia kifungu hiki hakipiti.

Alinisikiliza kwa upole. Akasema hakuna jipya humo, kwani sheria ya mwaka jana ina maneno hayo hayo kwa kila mwenye akaunti, na ofisi yetu iliipa cheti bila kikwazo. Akanishauri niende masjala nikaliangalie faili kabla sijapandisha mori.

Hapa lazima nikutobolee siri ya ofisi. Miswada ikirundikana, mtu huchukua cheti cha zamani, akabadilisha tarehe na jina la muswada, akatia saini. Sisi tunaita kuvalisha. Kila mtu anavalisha, na hakuna anayekiri.

Kaka, mficha uchi hazai. Saini niliyoikuta kwenye faili lile ni yangu. Muswada ulikuwa na kurasa mia mbili na kumi, nami nilisoma kama thelathini. Ilikuwa Ijumaa, kesho yake nina harusi ya rafiki, nikavalisha cheti nikaenda saluni. Usimlaumu tena yule karani. Aliyekufungia akaunti ni mimi.

Na lililo baya zaidi ni hili. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Kama mkuki huu ungekuwa umempata kaka wa mtu mwingine, sina hakika kama mwaka huu nisingevalisha tena. Naona aibu kuliandika, lakini ndio ukweli wenyewe.

Jana nimekabidhi ripoti. Nimependekeza kifungu kitolewe kwenye muswada, na kwenye sheria ya mwaka jana pia. Sentensi ya kwanza inasema kwamba cheti cha mwaka jana nilikitia saini mimi bila kusoma. Kamati ya ofisi yetu itakaa wiki ijayo kuijadili. Kama watanisikiliza, au akaunti yako itafunguliwa lini, sijui, na sitaki kukudanganya.

Mzee wa Muhuri aliisoma yote amesimama, kisha akaniuliza kama nina pa kwenda wakinifukuza. Nilimjibu kwamba nina kaka. Sasa ni juu yako kuniambia kama nilisema kweli.

Mpe wifi pole zangu, na watoto waambie shangazi yao anawakumbuka wote, hata yule mtundu.

Ni mimi mdogo wako,
Kiherehere