Vyuma vya Kijani vya Ikutha

Mjukuu wangu Mwende,

Salamu kutoka Mukuyuni. Susu, nyanya yako, amepona mguu, na mbaazi zimebeba vizuri mwaka huu.

Umeniuliza kama uviamini vile vyuma vilivyopakwa rangi mlivyoletewa kazini huko Mombasa. Mimi sikuviamini. Miaka ya themanini tulikuwa tunajenga tangi la konkriti Ikutha, la kuwekea maji ya kisima yenye chumvi, na msimamizi wetu, Mzee Kilonzo, akaleta vyuma vya kijani.

"Hiyo rangi ni ya kuzuia kutu," akasema.

Nikajiambia, mtu hupaka rangi kitu anachotaka kuficha. Alipoondoka nikavikwaruza kwa kisu vile vya ukuta niliopewa kujenga, kimoja baada ya kingine, nikitafuta kutu. Nilikuta chuma safi. Nikaona haya kumwambia, tukamwaga konkriti hivyo hivyo.

Baada ya miaka kadhaa ukuta wangu ukapasuka, ukachuruzika kutu. Kuta zingine zilikuwa nzima. Watu wakanong'ona kwamba Kilonzo alikula simiti. Jumapili moja nikasimama kanisani, yeye akiwepo, nikasema ni kisu changu kilichotoa ile rangi, chumvi ikapata pa kuingilia.

Alinitazama sana. "Si ungeniuliza tu?" akasema.

Vikague, Mwende, lakini kwa macho. Na ukiona mkwaruzo, sema kabla konkriti haijamwagwa.

Babu yako,
Muthama