Gitaa la Kasimu Limeacha Kukwaruza

Jumamosi usiku, Ng'ambo, Tabora.

Limepona! Gitaa la Kasimu limepona, na usingizi wangu umerudi.

Kutwa nzima limenitesa. Nyuzi za kati zinagonga vyuma vya shingo, zinalia krrr kama nzi ndani ya chupa. Na kesho bendi yao inapiga Ziba, kwenye sherehe ya kijiji kipya cha ujamaa. Kasimu akaniambia, "Mzee, likikushinda nalipeleka Nzega." Nzega! Mimi, fundi wa Tabora yote! Lakini niliogopa kweli. Nilidhani mikono yangu imekwisha.

Kumbe kosa ni daraja, kile kijiti kinachoinua nyuzi. Nililichonga limenyooka, kama la gambusi, ndivyo nilivyozoea. Shingo ya gitaa hili ina mgongo, imebinuka katikati, basi nyuzi za kati zikawa chini mno.

Mke wangu Bi Tatu alikuwa anaziba ufa wa kibuyu kwa nta. Akasema, "Nta inashika umbo la kibuyu. Shingo ya gitaa itaishinda, au kinachokushinda ni ubishi wako?"

Nikalegeza nyuzi, nikakandika nta ya vuguvugu shingoni. Ilipoganda nikaibandua, nikachonga daraja jipya mpaka mgongo wake ukakaa sawasawa ndani ya nta. Kasimu akapiga uzi mmoja mmoja. Safi kabisa. Akacheka, "Mzee, wewe kiboko!"

Kesho barazani nitasema nta ilikuwa akili yangu. Bi Tatu ameshaniambia nikithubutu, atapita pale pale na kibuyu chake kichwani.

Apite tu. Nzega hawakulipata.