Nguzo Iliyokatwa Bukaresti

Jumatatu, 11 Februari

Tumeingia Bukaresti saa moja asubuhi. Treni kutoka Iași ilinuka soksi na vitunguu saumu njia nzima. Wiki moja ya mafunzo: kupima majengo ya zamani, yale ambayo tetemeko likirudi yatatangulia kuanguka. Profesa Hanganu katugawa wawili wawili. Mimi nimepangwa na Tiberiu. Jengo letu lina ghorofa saba, la mwaka 1935, lifti yake nyembamba kama jeneza lililosimamishwa. Chini kuna duka la keki. Mwenye duka, Bwana Zamfir, alimkumbatia Profesa mlangoni — kumbe walisoma darasa moja. Tukapewa keki za bure. Tiberiu kala tatu.

Jumanne, 12 Februari

Nyufa, nyufa, nyufa. Tiberiu anashika futi, mimi naandika. Tukibisha hodi watu wanafungua mlango nusu. Hawatuogopi sisi. Wanaogopa duara jekundu, alama ya jengo la hatari. Jengo likibandikwa duara hilo nyumba haziuziki, na duka la chini linafungwa kwa sheria.

Ghorofa ya nne anakaa Bi Aurora Stamate. Miaka themanini na moja, mjane, goti bovu. Alituketisha, akatupa jamu ya cheri kwa kijiko na maji ya baridi. Tetemeko la mwaka sabini na saba lilimkuta jikoni humu humu. Anasema jengo liliyumba kama mlevi harusini, kisha likatulia. La jirani halikutulia. Akataja waliokuwemo, jina kwa jina, huku anakunja kitambaa cha meza.

Tulipoaga alinishika mkono. "Mwanangu, wakubwa wananidanganya kwa adabu. Wewe niambie kama unavyomwambia bibi yako. Nyumba hii inafaa au haifai?"

Nikasema tukimaliza nitamwambia.

Jumatano, 13 Februari

Leo chumba cha chini ya ardhi, ghala la duka la keki. Tiberiu alijiegemeza ukutani nyuma ya magunia ya unga, ukuta ukalia kama debe tupu. Ilikuwa bodi ya jipsamu tu. Tukafungua skrubu.

Nguzo imekatwa. Si ufa — imekatwa kwa mashine ili tanuri jipya lipate kukaa. Ilikuwa na unene wa sentimita arobaini. Zimebaki kumi na nane. Nondo zimechomoza, zimeliwa na kutu. Ghorofa saba zimekaa juu ya kile kilichobaki. Nilipima mara tatu. Nikapiga picha.

Profesa akashuka. Akaitazama muda mrefu, kofia mkononi. Kisha akamwambia Tiberiu arudishe bodi. Akasema Zamfir ataitengeneza kiangazi, amempa neno lake, na fomu yetu haina sehemu ya kuandika jambo kama hili. Nikasema ina sehemu ya unene wa nguzo.

"Binti, mmekuja kujifunza," akasema. "Hamkuja kufunga maduka ya watu."

Akaniomba simu. Picha akazifuta mwenyewe, taratibu, moja moja. Akinirudishia akakumbusha kwamba wiki hii anaandika barua yangu ya kuombea nafasi ya shahada ya pili. Hakunitisha. Hakuwa na haja.

Alhamisi, 14 Februari

Nimetia sahihi.

Tiberiu alitangulia. Anasema mwanafunzi huandika anachoonyeshwa. Mimi niliandika arobaini. Kwa mwandiko wangu mzuri wa siku zote — hilo ndilo linaloniogopesha.

Jioni Profesa kawagawia wakazi nakala. "Linakalika." Majina yetu yako chini. Bi Aurora aliniita kutoka ngazini, akaniombea mume mwema. Nikajibu asante. Asante!

Sijala.

Ijumaa, 15 Februari

Treni ni saa tisa. Nilimdanganya Tiberiu kwamba nimesahau skafu, nikarudi.

Mlango wa Bi Aurora uko wazi. Maboksi hadi ngazini. Mjukuu wake, Smaranda, amehamia leo asubuhi na mapacha wake wa miaka miwili. Miaka yote bibi alimkatalia asikae humu. Jana, alipopata karatasi, akampigia aje.

Nikasema. Nikiwa nimesimama, na koti langu, nikasema yote — nguzo, bodi, picha zilizofutwa. Nikamwambia Smaranda asiwalaze watoto hapa.

Akachukua karatasi juu ya friji, akaniwekea kidole kwenye jina langu. "Sahihi hii ni yako?"

Nikasema ni yangu.

"Basi dada, kinachodanganya ni kipi, mkono wako au mdomo wako?"

Akapiga namba iliyo chini ya karatasi. Profesa yuko hapo chini kwa Zamfir, anakuja. Smaranda akasema mimi nisiondoke. Siondoki. Nimekaa jikoni, naandika ili mikono iwe na kazi. Tiberiu kapiga simu mara nne. Saa nane na nusu.

Smaranda yuko mlangoni, karatasi kaishika kwa mikono miwili. Viatu vinapanda ngazi, vinapumzika, vinapanda tena.

Bi Aurora ameingia chumbani walikolala mapacha. Namsikia anamvalisha mmoja koti, anamwambia polepole, lete mkono wa pili.

Profesa anabisha hodi.